Mgeni Haondoki, Sehemu ya Pili

Ipo nchi moja ambayo sitaitaja, kwa kuwa yenyewe haipendi kutajwa bila kibali, na kibali hutolewa na ofisi ambayo nayo haipendi kutajwa. Tuseme tu ni nchi yenye amani. Amani yake ni nyingi mno, imejaa mpaka barabarani, na askari wamewekwa kila njia panda kuhakikisha haimwagiki. Katika nchi hiyo aliishi fundi cherehani mmoja, Machano bin Fereji, mtu mpole wa kushona kanzu na sare za shule, ambaye kwa miaka kadhaa ndiye aliyekuwa zimwi la taifa.

Hakuomba. Nasema mapema msije mkamdhania makuu.

Ilikuwa hivi. Serikali ilikuwa na Wizara ya Burudani na Woga, na chini ya wizara kulikuwa na Shirika la Filamu za Kutisha. Shirika lilikuwa na kamera moja, taa mbili, na viti vya plastiki chungu nzima, ambavyo lilivikodisha kwenye misiba ili wafanyakazi wapate cha kutia mdomoni. Wiki ile shirika lilipokuwa likipiga filamu yake ya kwanza, iliyoitwa Mgeni Haondoki, Machano alikuwa amefiwa na mkewe, Bi Rahma. Matanga yalipokwisha akapanga viti kwenye mkokoteni akavirudisha mwenyewe. Mvua ilikuwa ikinyesha. Alivaa koti la mvua la marehemu, kwa sababu ndilo lililokuwa karibu na mlango, na kwa sababu bado lilikuwa na harufu yake.

Ikasadifu kwamba mwigizaji aliyeandaliwa kuwa zimwi alikuwa ameondoka kwa hasira baada ya kuambiwa kwamba chakula cha mchana kilichomo kwenye filamu ndicho hicho hicho chakula cha mchana. Mwongozaji, mwanamke mmoja mkavu aitwaye Bi Ngwali, aliinua macho akamwona mzee amesimama mlangoni. Maji yalikuwa yakimchuruzika na uso wake haukuwa na kitu. Haukuwa na hasira wala huzuni. Ulikuwa mtupu kama sahani iliyooshwa ikaanikwa.

"Huyu hapa," akasema Bi Ngwali.

Wakampa kisu, ambacho kilikuwa cha jikoni kwa Bi Ngwali na kilitakiwa kurudi kabla ya kukatwa mboga. Wakamwelekeza apige hodi, aingie, amchinje binti anayefagia chumba. Damu ilikuwa juisi nyekundu ya choya. Machano hakukataa, maana wakati ule hata angeambiwa apande juu ya paa angepanda. Akapiga hodi, akaingia. Yule binti, mtoto wa watu aliyelelewa akaleleka, kuona mtu mzima ameingia akasahau kabisa kwamba yumo kwenye filamu. Akaweka ufagio chini akasema, "Shikamoo."

Na Machano, ambaye shikamoo angeiitikia hata akiwa na homa, akaitika, "Marahaba, mwanangu." Kisha akakumbuka kisu.

Kurudia hapakuwa na uwezo. Picha ikatoka hivyo hivyo, na nchi nzima ikaacha kulala.

*

Visu watu wale walishavizoea, na wageni wa kuingia nyumbani mwao bila kualikwa walishawazoea zaidi. Lakini kuuawa na mtu aliyekuitikia salamu, tena akakuita mwanawe! Waliona hapo pamesemwa kweli tupu, na katika nchi ile hakuna kilichokuwa kikitisha kuliko hicho.

Ikawa desturi. Filamu ilipooneshwa kwenye kumbi za kata, zimwi likipiga hodi, ukumbi mzima ulisema kwa pamoja, "Shikamoo!" Zimwi likaitika kutoka kwenye shuka jeupe ukutani, "Marahaba, mwanangu," ndipo watu wakapiga mayowe na kushikana, wengine wakatokea dirishani. Walirudi kesho yake kuangalia tena. Wazee hata wa rika lake walimwamkia, wakisema heri kujishusha kuliko kujuta.

Mitaani mambo yakawa hayo hayo. Watoto walimwamkia Machano kisha wakatimua mbio. Wateja hawakukubali tena kupimwa shingo. Kila mmoja alileta nguo yake kuukuu, akaiweka mezani kwa adabu, akasema, "Fundi, shona kama hii," akaondoka kinyumenyume. Serikali ikaliona hilo na ikalipenda. Watu wa kata fulani walipokusanyika kulalamikia maji, polisi hawakutumwa tena. Alitumwa Machano. Alisimama mbele yao na koti lake, wakamwamkia, akaitika, wakaenda makwao. Maji hayakuja, lakini malalamiko yalikwisha, na wizarani hayo mawili huhesabiwa kuwa kitu kimoja.

Yeye mwenyewe hakuhisi lolote. Tangu alipoumwaga ule udongo wa mwisho kwenye kaburi la mkewe, ndani yake palikufa ganzi, naye alikaa hivyo hivyo kama mtu mwenye mguu uliolala, akingoja uamke ndipo ainuke. Alishona, alikula, aliswali, alitisha.

Mtu mmoja tu hakumwogopa: bintiye Mwanaheri, muuguzi wa kliniki ya wajawazito, mwanamke mwenye kicheko cha kusikika nyumba ya tatu. Alipoiona filamu mara ya kwanza alicheka mpaka wakamtoa nje.

"Wenzangu wanalia, baba," alimwambia baadaye, akijipangusa machozi, "mimi nakiona kifungo cha mama!"

Kweli lile koti lilikuwa na kifungo cha pili cheupe katikati ya vyeusi. Machano ndiye aliyekishona, Bi Rahma akiwa hai, siku ambayo vyeusi vilimwishia. Bi Rahma alimwambia, "Fundi mzima, kifungo kinakushinda," na alipotaka kukibadilisha, mkewe akamkatalia katakata, akalivaa hivyo hivyo mpaka alipokufa. Mwanaheri alikuwa akikitaja kifungo kile mezani huku akicheka, na mzee alikuwa akimsikiliza. Kicheko hicho ndicho kitu pekee kilichokuwa kikimfikia, kwa mbali, kama redio ya jirani.

*

Sasa aliyekuwa Waziri wa Burudani na Woga ni Mheshimiwa Daktari Sadala Kizingiti. Siku moja alifika kufungua choo cha soko, na wananchi waliojipanga kumpokea wakamwona Machano akipita na kitambaa chake begani. Wakageuka wote wakamwamkia fundi kwanza. Waziri alibaki ameshika utepe. Shikamoo nyingi kiasi kile, akaona, si vizuri zizagae nje ya familia.

Haukupita muda ikatangazwa filamu mpya, Mgeni Haondoki, Sehemu ya Pili, na zimwi akiwa Feruzi, mpwa wa Waziri, kijana wa miaka ishirini na sita aliyerudi karibuni kutoka masomoni, alikosomea jambo ambalo yeye mwenyewe hakuwa na hakika nalo. Alikuwa mtoto mzuri, mrefu, mwenye mashavu. Walimtia meno ya plastiki na macho mekundu. Kisha maofisa wakaja kwa Machano na kulichukua koti, wakieleza kwamba ni mali ya taifa na kwamba anapaswa kujisikia fahari. Machano alijaribu kujisikia, hakuona kitu.

Waziri akahutubia redioni. "Ndugu wananchi, zimwi halijabadilika. Zimwi ni lile lile mlilolizoea na kulipenda. Uso ni jambo dogo la kiutendaji. Atakayesema 'huyu siye' atakuwa ameyapa macho yake mamlaka ambayo Katiba haikuyapa. Aidha, kuanzia leo neno 'marahaba' ni rasilimali ya taifa na litatumiwa na zimwi peke yake. Wazee wote wakiamkiwa, waitikie: 'Imepokelewa.'"

Wazee wakaanza kuitikia imepokelewa. Siku za mwanzo ulimi uliwateleza, ila wachache walipokaa ndani kidogo, wengine ulimi ukanyooka.

*

Kata ya kina Machano ndiyo iliyopata heshima ya kuijaribu filamu. Idara ya Mapokeo ya Umma ilituma watazamaji wa kuwatazama watazamaji. Walisimama ukutani na tochi, wakimulika nyuso. Kushtuka kuliruhusiwa. Kupiga yowe kulihimizwa. Kumshika jirani kuliruhusiwa pia, mradi jirani awe wa jinsia moja nawe. Kucheka kulikuwa kosa.

Machano alikaa nyuma na bintiye. Filamu ikaenda. Hodi ikapigwa. Mlango ukafunguka, Feruzi akaingia ndani ya koti la Bi Rahma, mikono imemwishia kwenye viwiko, meno yamemjaa mdomo. Hapo Bi Ngwali alikuwa ameacha nafasi, kimya kirefu, ili ukumbi utoe shikamoo.

Ukumbi haukutoa. Walimtazama. Mstari wa mbele walikuwepo mabibi wanaokaa mbele daima kwa sababu ya macho. Mmoja akauliza kwa sauti ya kawaida, "Mtoto wa nani huyu?"

"Sijui. Atakuwa na njaa."

"Na meno yale, atatafunaje?"

"We baba," bibi wa tatu akamwambia Feruzi ukutani, "vua viatu, hapo pamefagiliwa."

Kile kimya kirefu kikaisha, na Feruzi, ambaye hakuwa ameamkiwa na mtu yeyote, akaitika kwa ngurumo, "Marahaba, mwanangu!"

"Mwanao nani?" wakafoka mabibi. "Mwanao nani, wewe? Hata ndevu huna!"

Na hapo Mwanaheri akacheka. Alijaribu kujizuia, mzee alimwona aking'ata ncha ya mtandio, lakini kicheko kile hakikuwa cha kuzuiwa na mtandio. Kilipanda, kikajaa ukumbi, kikarudi. Tochi zote zikageuka zikammulika, naye akiwa ndani ya mwanga ule ananyoosha kidole na kusema, "Kifungo, baba! Kifungo bado kipo!"

Hawakumfunga. Nchi ile haimfungi mtu kwa kucheka. Isingekuwa nchi ya amani. Alipewa uhamisho. Akapelekwa Chumvini, mpakani kabisa, kwenye kituo cha afya kisicho na wagonjwa kwa sababu hapana watu. Mbele ni chumvi, nyuma ni chumvi. Barua zilichelewa kiasi kwamba alipoandika kwamba anaumwa, zilifika akiwa ameshapona na kuumwa tena.

Machano alirudi kwenye cherehani. Nyumba ya tatu ikawa haisikii kitu, wala nyumba ya kwanza. Jirani yake, Bi Tausi, alimletea uji akamkuta amekaa na sindano mkononi bila uzi, anashona.

*

Baada ya hapo hakuna aliyecheka. Wizara ikafurahi kwa muda, kisha ikagundua kwamba hakuna aliyeogopa pia. Filamu ilizungushwa kumbi zote, na kote watu walifika, wakakaa, wakatazama, wakaondoka. Tochi zilimulika nyuso zisizo na habari. Mtaalamu mmoja akashauri kwamba tatizo ni umri, kwani watu wazima wataamkiaje kijana? Ikapitishwa Amri ya Umri, ikamfanya Feruzi kuwa mzee wa miaka themanini kuanzia siku ya kutiwa saini. Bibi yake mzaa mama, aliyekuwa na miaka sabini na nne, akaandikiwa rasmi kwamba sasa yeye ni mdogo wake. Watu wakaendelea kukaa kimya.

Ndipo Bwana Tuli, mkuu wa Idara ya Mapokeo, alipokuja kwa Machano. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya kubembeleza. Alikataa kiti kilichokuwa karibu na mkasi.

"Mzee wangu," akasema, "nchi nzima imechukua uso wako. Nikimulika, nakuona wewe. Mstari wa kwanza wewe, wa mwisho wewe. Mheshimiwa hapati usingizi."

"Pole yake," akasema Machano.

"Wiki ijayo ni uzinduzi mkubwa, Ukumbi wa Taifa. Wageni wa nje watakuwepo. Filamu ikifika pale kwenye hodi tutaisimamisha, na Feruzi atatokea mwenyewe jukwaani, mzimamzima. Wewe utakuwa mbele. Utasimama, utampa shikamoo. Basi! Watu wakiona zimwi la zamani linamwamkia jipya, wataogopa. Hawana budi. Ukumbi ukipiga yowe, binti yako anarudi. Nina idhini ya Mheshimiwa."

"Na usipopiga?"

Bwana Tuli akatazama dari. "Chumvini wamesema wana nafasi ya fundi cherehani."

"Kumshonea nani?"

"Hilo wataliangalia. Mzee, ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Shikamoo ni neno tu."

Machano alilifikiria neno lile na kuliona dogo. Mtu wa umri wake kumwamkia kijana wa kumzaa, hata wa kuwa mjukuu wake, ni aibu. Wenziwe wangemwambia bora kufa. Lakini aibu yenyewe aliitafuta hakuiona ilipo. Akakubali.

Alifanya mazoezi, kwa kuwa ulimi haujazoea. Asubuhi alimwamkia jogoo. Alimwamkia mbuzi wa Bi Tausi, naye mbuzi akamtazama kwa mashaka. Akamwamkia mjukuu wa Bi Tausi, kitoto kinachotambaa, nacho kikalia. Bi Tausi akatoka na mwiko.

"Fundi, umerukwa na akili?"

"Najifunza kumwamkia Feruzi. Watamrudisha Mwanaheri."

Bi Tausi akaweka mwiko chini. Akamchukua mtoto, akamkalisha vizuri mbele ya mzee, akamfuta kamasi. "Haya," akasema, "mwamkie tena. Usiiname sana, mgongo utakuuma."

*

Ukumbi wa Taifa ulijaa. Wananchi waliletwa kwa malori wakapangwa kwa rika. Waziri alikaa mstari wa mbele, na karibu naye mke wa balozi wa nchi rafiki. Alihutubia kwanza. Alisema nchi isiyoogopa ni nchi iliyolala. Alisema woga ni haki ya kila raia na serikali yake haitamnyima mtu. Watu walipiga makofi pale walipoelekezwa, yakakatika kwa pamoja.

Filamu ikaanza. Machano aliitazama bila kuiona, akilishika lile neno ulimini asije akaliangusha. Nyuma yake watu elfu hawakukohoa. Hodi ilipokaribia, shuka likazimwa, taa za jukwaani zikawashwa, na hapo palikuwa pamesimamishwa mlango wa mbao, peke yake, bila ukuta.

"Hodi!" ikanguruma sauti nyuma ya mlango.

"Karibu!" akajibu Waziri mwenyewe, kwa shangwe.

Feruzi akaingia na kisu juu. Choya ilikuwa ikimtiririka kidevuni. Alivaa koti, na Machano akakiona kifungo cheupe. Kilikuwa kimelegea, kinaning'inia kwa uzi mmoja. Akawaza kwamba uzi ule hautafika wiki ijayo. Bwana Tuli akamgusa bega kwa nyuma.

Mzee akaanza kuinuka. Magoti yalikataa; akashika kiti, akasukuma, akasimama kidogo kidogo kama wazee wanavyosimama, huku nchi nzima inangoja. Akafungua mdomo.

Lakini mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Feruzi alilelewa na yule bibi yake, mwanamke wa kandambili, ambaye mjukuu akimpita mtu mzima bila kumwamkia, kandambili ilimfikia kabla hajafika mlangoni. Kijana akamwona mzee mwenye ndevu nyeupe anahangaika kuinuka kwa ajili yake. Meno, macho mekundu, Amri ya Umri, vyote vikamtoka. Kisu kikashuka. Akainama.

"Shikamoo, babu."

Machano alikuwa na shikamoo yake tayari mdomoni. Alijaribu kuisukuma itoke. Lakini mtu aliyeitikia miaka yote ile hawezi kuamkiwa akanyamaza, na uso wake ukiwa ule ule uliotoka na viti vya msibani, akasikia sauti yake ikisema, bila joto na bila baridi, "Marahaba, mwanangu."

Ukumbi ukanyamaza kwa namna nyingine. Hakuna aliyekuwa humo asiyejua kinachofuata marahaba. Macho yote yakateremka kwenye mikono ya mzee. Hata ya Feruzi. Machano alihisi pua inamchuruzika, akatia mkono mfukoni kutoa leso.

Yowe la kwanza lilitoka kwa Waziri. Mengine sikuweza kuyatenganisha, wala waliokuwepo hawakuweza. Feruzi aliruka kupitia mlango ule ule alioingilia, ingawa pembeni palikuwa wazi. Koti likanasa kwenye kitasa, akaliacha, na meno akayaacha. Mheshimiwa Daktari alimkumbatia mke wa balozi kinyume na kanuni alizozitia saini mwenyewe. Watazamaji wa kuwatazama watazamaji walitupa tochi. Wananchi walitoka milangoni na madirishani, na wengi, nasikia, walikuwa wakilia na kucheka kwa pamoja, lakini kwa vile tochi zilikuwa chini hapakuwa na ushahidi.

Machano akabaki peke yake. Akapangusa pua. Akapanda jukwaani taratibu, akalinasua koti, akalikunja akaliweka mkononi, akaenda nyumbani.

*

Asubuhi redio ilisema kweli, jambo lililoishangaza hata redio. Ilisema filamu imepokelewa kwa mayowe ambayo hayajawahi kusikika. Feruzi akateuliwa mwenyekiti wa Shirika, nafasi isiyohitaji kuonekana, na Waziri akatangaza Sehemu ya Tatu. Bwana Tuli alikuja kwa Machano, akasimama nje ya kizingiti.

"Mzee, una kosa na una nishani," akasema. "Umetumia neno la taifa bila kibali. Pia umeitikisa nchi. Tumeketi usiku tukaona kimoja kilipe kingine. Koti hatukuliona."

"Na binti yangu?"

"Yowe lilipigwa. Ahadi ni ahadi. Lori la chumvi litamleta." Akageuka aende, kisha kama aliyejisahau akasema, "Shikamoo."

"Imepokelewa," akasema Machano.

Lori likaja siku ya mvua. Machano alikuwa ameshakaza kile kifungo kwa uzi mpya, akalitundika koti nyuma ya mlango palipokuwa pake. Akasikia hodi. Akafungua.

Mwanaheri alisimama pale na mfuko wake. Alikuwa amekonda, na midomo imepasuka kwa chumvi. Lakini si hilo. Ulikuwa ni uso. Haukuwa na hasira wala huzuni. Haukuwa na kitu.

"Shikamoo, baba."

Machano aliogopa. Akashika fremu ya mlango. Miaka yote ile aliambiwa kwamba uso wake unatisha na hakupata kuelewa watu wanaona nini. Sasa aliuona, na ulikuwa kwa mwanawe, kwa yule wa kicheko cha nyumba ya tatu, na yeye baba ndiye aliyemrithisha. Alitaka kuitika. Neno lilikuwa na sheria yake, na dirisha lilikuwa wazi.

Mwanaheri hakungoja. Akaingia, akaweka mfuko chini, akakaa. Akauliza kama kuna maji, kwa sauti ya mtu anayeuliza ofisini. Akanywa. Akaitazama meza, cherehani, ukuta. Macho yakafika nyuma ya mlango yakasimama. Akainuka, akalishika koti, akapitisha kidole chini kwenye vifungo mpaka cha pili. Halafu akalitoa msumarini, akatoka nalo nje, akavuta mlango nyuma yake.

Machano akabaki katikati ya chumba. Alidhani ameondoka. Alisikia mvua tu kwenye bati, akajua kwamba akiondoka sasa hatarudi, na kwa mara ya kwanza tangu lile kaburi kitu kikamchoma kifuani, kikamchoma kwelikweli, akashukuru na kulaani hapo hapo.

"Hodi," ikasema sauti mlangoni. Sauti ya chini, bila joto na bila baridi.

"Karibu," akasema mzee.

Mlango ukafunguka polepole. Mwanaheri akaingia ndani ya koti la mama yake, maji yanamchuruzika, uso mtupu, mkono mmoja umeinua kijiko alichokiokota sijui wapi. Akasimama. Akangoja.

Na ile shikamoo ambayo Machano aliifanyia mazoezi kwa jogoo na kwa mbuzi, aliyoibeba ulimini mpaka Ukumbi wa Taifa ikakataa kutoka, ikatoka yenyewe.

"Shikamoo," akamwambia mwanawe.

Mwanaheri akamwangalia kwa muda mrefu. Pembe moja ya mdomo ikamtetemeka.

"Marahaba," akasema, "mwanangu."

Kicheko kikaanza kwa chini, kikakwama, kikaanza tena, mpaka akalazimika kujishika mezani. Na kijiko kikaanguka. Machano aliusikia uso wake mwenyewe ukivutika kwa maumivu, kama mguu unavyouma unapoamka. Bi Tausi, nyumba ya tatu, aliacha kusonga ugali akasikiliza.

Mzee akaenda kwanza kufunga dirisha, maana sheria ilikuwa bado ipo. Kisha akarudi, akacheka.